Mama wa Mtoto Mmoja

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, simu sikioni, dada yetu mkubwa akiniambia mama ametuacha.

Niliondoka vile vile. Kinyozi alinitazama usoni, akanifungua shuka shingoni.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anakutana na mimi hapa gazetini: mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo kwenye Redio ya Umma. Shule niliacha mapema. Pale redioni nilianza kama dereva, siku moja msomaji akakauka sauti, nikasukumwa ndani ya chumba cha kusomea, na sijatoka mpaka leo. Mtaani wananiita Msiba. Mwenye duka la jirani akiniona huwa anapaza sauti, "Msiba, nisalimie kwa mbali, usije ukalizoea jina langu!"

Mdogo wangu wanamwita Mwalimu kwa sababu ni mwalimu kweli. Mwaka huu anagombea ubunge kwa chama cha upinzani. Tangu achukue fomu, watu wake wananiona mtu wa serikali, na ofisini kwangu wananiona kaka wa mgombea. Natafunwa pande zote mbili.

Na mama ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu mkubwa. Kila jioni aliiweka redio juu ya kigoda, karibu na jiko, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga simu kunikosoa.

"Leo yule bibi umemkimbiza," angesema. "Mtu ameishi miaka yote hiyo, wewe unammaliza kwa pumzi moja?"

"Muda ni mdogo, mama."

"Mimi ukifika kunisoma, usinikimbize. Na unitajie wanangu wote, watu wajue sikuwa peke yangu."

Nilikuwa nacheka. Sasa siku imefika, na kicheko sina.

Nyumbani kwa dada nilimkuta na kalamu mkononi, anaandika tangazo. Mwalimu alifika nyuma yangu. Alivaa shati jeupe tupu, hakuna nembo wala rangi ya chama. Hatukuwa tumeshikana mkono tangu kampeni zianze. Akanikumbatia, kisha akajivuta nyuma.

"Kaka, kichwa chako kimefanya nini?"

"Nilikuwa kwa kinyozi."

Akacheka. Kicheko kikamgeukia katikati, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa mabega.

Dada akatuacha tulie. Kisha akagonga kalamu mezani. "Watoto wake. Naanza na mimi, mimi ndiye mkubwa."

"Dada, hata leo unapanga foleni?" Mwalimu akauliza.

"Hata leo."

Akaandika jina lake, langu, la Mwalimu. Mdogo wangu akainama kuhakikisha.

"Utamsoma wewe mwenyewe, kaka?"

"Nani mwingine?"

"Sauti ikikukatika?"

"Nitaisubiri irudi."

"Basi na mimi unitaje vizuri. Huko kwenu nimekuwa kama ugonjwa wa aibu, hakuna anayenitaja."

"Hili si la siasa," nikamwambia. "Hili ni la mama."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Nataka muishike kichwani, kwa sababu ndiyo inayonisulubu.

Mhariri wetu ni mama mmoja mfupi ambaye huipandisha miwani kichwani kila anapotaka kusema jambo baya. Aliniita ofisini kwake, akanipa pole, akanipa maji. Kisha miwani ikapanda.

"Kaka, hili jina la tatu siwezi kulirusha."

"Ni mtoto wa marehemu."

"Ni mgombea. Kanuni unaijua. Mgombea hatajwi hewani nje ya habari na vipindi vya kampeni. Nikimtaja yeye leo, kesho wagombea wengine wote wananiletea misiba yao, na asiye na msiba ataniletea harusi."

Kanuni naijua, ndiyo. Nimeitetea mimi mwenyewe mbele ya Mwalimu. Kanuni hiyo ilimkata bwana mifugo mmoja katikati ya kipindi cha kuku. Aligundulika amechukua fomu ya udiwani baada ya sehemu ya kwanza kurushwa, sehemu ya pili ikafungiwa kabatini. Wafugaji wakabaki na nusu ya dawa. Tuliwacheka. Kuku walikufa, sisi tunacheka.

"Mama Mhariri," nikasema, "huyu si kuku. Huyu ni mama yangu."

"Najua. Na kwa haki hata wewe hukutakiwa kumsoma, ni ndugu wa mgombea. Nakuachia kwa sababu nami nilikuwa na mama." Akaushusha mkono wake juu ya wangu. "Tuondoe majina ya watoto wote. Useme ameacha watoto watatu. Hapo hakuna aliyependelewa, hakuna aliyeonewa."

Nilimpigia Mwalimu. Hapatikani. Alikuwa hospitali, chini kabisa, kwenye chumba cha kuhifadhia maiti, mtandao haufiki. Nikampigia dada, nikamweleza kuhusu majina.

"Tunatoka wote?" dada akauliza.

"Wote."

"Mimi, wewe na yeye?"

"Wote watatu, dada."

"Basi toa. Watatu ni watatu. Mwalimu nitamwambia mimi mwenyewe, wewe msome mama."

Nikaingia chumba cha kusomea. Taa nyekundu ikawaka.

Sikumkimbiza. Nililitaja jina lake lote, la kuzaliwa na la ndoa. Nikataja alipozaliwa, alipoolewa, kazi yake ya ukunga iliyowapokea nusu ya watu wa mtaa ule. Nikasema ameacha watoto watatu. Nikataja mahali pa mazishi na saa. Nikamaliza kama tunavyomaliza siku zote: taarifa hii imeletwa na mtoto wa marehemu, na jina likatajwa.

Jina langu.

Niwaeleze. Kwetu tangazo la kifo halisomwi bila jina la aliyelileta. Zamani kuna mtu aliyetangaziwa amekufa, naye yu hai. Akaja mapokezi na ndara zake miguuni, amefura, anataka tumfufue hewani haraka. Tangu hapo kila tangazo linafungwa na jina la mleta habari na uhusiano wake na marehemu. Tangazo la mama nililileta mimi. Wachapaji wakafanya kazi yao, wakaniandika mleta habari, Mhariri akafuta majina ya watoto akafanya yake, na mimi nikasoma.

Halikunigonga popote. Nimesoma kifungu hicho maelfu ya mara, ulimi unakipita kama mtu anavyopita kizingiti cha nyumba yake. Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, alikuwa anajifuta macho. "Umemsoma vizuri, Msiba," akaniambia.

Nikaenda msibani, nyumbani kwa mama, na roho nyepesi kidogo.

Pale mlangoni wanawake waliokuwa wanazungumza walinyamaza. Jirani mmoja niliyemsalimia aliitikia huku anatazama ukuta. Nikafikiri ni heshima ya msiba.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya sebule, vijana wa chama chake wamemzunguka. Hakuniita kaka.

"Karibu, mtoto wa marehemu," akasema.

"Mdogo wangu..."

"Mama alizaa mmoja?"

"Nimesema watatu. Mmesikia wote, watatu."

"Watatu, halafu ukataja mmoja! Watu wananipigia simu wananiuliza kama ni mama yangu kweli. Jirani yake wa miaka yote ananiuliza, 'Mwalimu, kumbe ulilelewa tu pale?'"

Hapo ndipo niliposikia. Jina langu likanirudi sikioni kwa sauti yangu mwenyewe, peke yake, halina mwenzake.

"Lile ni jina la mleta tangazo," nikasema. "Ni utaratibu wa kazi. Majina yote ya watoto yaliondolewa..."

"Na nani?"

"Kanuni ya kampeni..."

"Nakuuliza aliyekubali. Nani alikubali jina langu liondolewe kwa mama yangu?"

Nikamtazama dada. Alikuwa amekaa mkekani, shuka limemfunika mabega. Yeye alikubali. Yeye alisema atamwambia. Nilimsubiri afungue kinywa.

Dada akainamisha kichwa.

Sikumchukia. Alikuwa ameosha na kuvalisha mwili wa mama, amepokea watu, amepika. Kumkabili mdogo wetu akiwa amewaka vile, nguvu hiyo hakuwa nayo. Nikasema, "Nilikubali mimi."

"Asante," Mwalimu akasema. "Nilitaka nilisikie kwako."

Nje kulikuwa na gari limefungua milango, redio inalia kwa sauti ya juu. Si redio yetu. Ilikuwa redio ya mfanyabiashara mmoja tunayemwita Tajiri. Huyo Tajiri alipokuwa anapewa zabuni za serikali, redio yake ilimwimba mbunge wa chama tawala tangu alfajiri mpaka kulala. Aliponyimwa, wakageuka siku hiyo hiyo, sasa wanamwimba Mwalimu. Sheria inawataka na wao wasipendelee upande. Wanaitimiza hivi: wanampigia mbunge simu wakati wanajua yuko kwenye kikao, wanawasikilizisha watu simu inavyoita bila kupokelewa, kisha mtangazaji wao, Kidomo, anasema, "Tumemtafuta, wananchi, mmesikia wenyewe." Ndiyo mizani yao hiyo.

Sasa Kidomo alikuwa ameipata sauti yangu. Alikuwa anairudia. "Taarifa hii imeletwa na mtoto wa marehemu..." Anakata. Anacheka. Anarudia.

"Wananchi, serikali imeshindwa kumfuta Mwalimu kwenye kura, imeamua kumfuta kwa mama yake mzazi! Na mkono uliotumika ni wa nani? Kaka wa damu!"

Kisha nikaona Mwalimu anapokea simu, anatoka uani. Nikamkimbilia, nikamshika mkono.

"Usiongee nao. Mama bado hajazikwa."

"Wewe umeongea."

"Wale hawana habari na mama. Sisi tunafuta jina, wao wanalikamua mpaka litoe damu. Usiwape msiba wetu."

Akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu anavyotoa mwiba kwenye nguo. Muda mfupi baadaye sauti yake ikatoka kwenye lile gari, mimi nimesimama hatua chache kutoka anapoongea, kwa hiyo nilimsikia mara mbili, kwa kinywa chake na kwa redio.

"Nilikuwa na kaka," alisema.

Nilikuwa. Mimi ni mtu wa matangazo ya vifo, najua maana ya neno hilo linaposomwa.

Asubuhi, siku ya mazishi, nilikwenda kwa Mhariri kabla hajavua mkoba begani.

"Nataka litajwe," nikamwambia. "Leo mchana, kabla hajaingia kaburini. Jina la dada, langu na la mdogo wangu. Nifanye nini?"

"Hakuna njia."

"Ipo. Ninyi mliosoma hamkosi njia."

Aliizunguka meza, akakaa, akaipandisha miwani, akaishusha, akaipandisha tena. "Ipo moja. Sikushauri."

"Niambie."

"Mgombea akionewa hewani kwa makosa yetu, ana haki ya kusahihishiwa, na kwenye sahihisho lazima atajwe. Lakini lazima pawe na kosa. Kama jina liliondolewa kwa kanuni, hilo si kosa, na sina cha kusahihisha."

"Na kama liliondolewa kwa chuki?"

Aliutazama mlango kwanza.

"Kama mtumishi aliliondoa mwenyewe, kwa makusudi, kwa sababu haupendi upande wa mgombea," akasema, "hilo ni kosa kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Tunasahihisha mara moja. Na mtumishi huyo haigusi tena taa nyekundu maisha yake yote."

"Andika."

"Kaka, ni uongo."

"Andika, Mama Mhariri."

"Unajua utakuwa nani mtaani? Unajua nitakuwa nani mimi ikijulikana nilikuandikia? Ikigundulika tu, sahihisho linafutwa hewani jioni hiyo hiyo. Jina lake linaondoka mara ya pili, na sisi wawili tunaondoka nalo."

"Hakuna atakayejua. Anayejua ni wewe, mimi na dada."

"Na dada yako?"

"Hatasema," nikamwambia. "Namjua."

Akaandika. Nikasaini kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Alipoipokea karatasi alikuwa analia waziwazi, mhariri mzima.

"Atasoma nani?" nikauliza.

"Yule binti wa habari za michezo. Hakuna mwingine."

"Mwambie asimkimbize."

Mchana sebule ilijaa. Jeneza lilikuwa limewekwa katikati, tunasubiri gari. Kidomo mwenyewe alikuwa amefika na kipaza sauti chake, anarusha moja kwa moja, Mwalimu amemruhusu. Mimi nilikaa karibu na mlango, kiti ambacho hakuna aliyenipa na hakuna aliyeninyima.

Niliinuka, nikaichukua redio ya mama, ile ya kwenye kigoda, nikaiwasha. Watu wakanung'unika.

"Leo anataka kujisikiliza," kijana mmoja wa chama akasema.

"Mwacheni," dada akasema.

Yule binti akaanza. Alikuwa amezoea mabao, maskini. Alimkimbiza mama kama mpira unaelekea golini. Lakini alisoma. "Redio ya Umma inaomba radhi... jina la mmoja wa watoto wa marehemu liliondolewa kwa makusudi na msomaji wetu, kwa sababu za kisiasa... msomaji huyo ameondolewa kazini... Watoto wa marehemu ni..."

La dada. Langu. La Mwalimu.

Majina matatu, yamefuatana, kwenye redio yake mwenyewe, pembeni ya jeneza lake. Nikaweka mkono juu ya kile kisanduku cha redio. Kilikuwa na joto.

Mwalimu hakuonyesha furaha. Uso wake ulibadilika rangi. Nadhani mpaka dakika ile, chini kabisa ya hasira, alikuwa bado ananitafutia udhuru. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata huo.

"Kwa makusudi," akasema polepole. "Kaka. Kwa makusudi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Toka," akasema. "Humbebi."

Vijana wawili wakasogea kuja kunishika. Ndipo dada akasimama. Shuka likamdondoka mabegani, hakuliokota.

"Mwacheni hapo hapo," akasema. "Huo ni uongo."

Chumba kizima kikageuka.

"Uongo upi, dada?" Mwalimu akauliza.

Nilimtikisia kichwa. Nilimwomba kwa macho, mbele ya mama yetu. Nikawaza: ukisema kweli, jioni hii wanalifuta jina la mdogo wetu mara ya pili, na yule Mhariri aliyetuandikia anakula kwa nani? Ukisema kweli, Mwalimu atajua ni wewe uliyenyamaza, na tutafika kaburini hakuna anayemtazama mwenzake. Ukinyamaza, mimi peke yangu ndiye ninayebaki nje. Dada, nyamaza. Jana uliweza.

Machozi yalikuwa yanamtiririka, mikono imelala juu ya jeneza.

"Dada, nakuuliza," Mwalimu akasema. "Unajua nini?"

Kidomo hakungoja. Alipenya katikati ya watu, akakanyaga miguu ya waliokaa, akanyoosha mkono wake juu ya mama yetu, na kipaza sauti kikasimama mbele ya midomo ya dada.

"Sema, mama," akamwambia. "Nchi nzima inakusikiliza."

Dada akanitazama mimi. Akavuta pumzi.